Barua ya wazi kwa wasimamizi wa barabara: gari na pikipiki zikigongana njia panda, kosa lipimwe

Waheshimiwa wakuu wa polisi wa usalama barabarani, wahandisi wa barabara, wasimamizi wa vyuo vya udereva na wakurugenzi wa kampuni za bima,

Tunawaandikia kuhusu ajali ambazo mafaili yake hayakauki mezani kwenu: gari na pikipiki kugongana kwenye makutano ya barabara. Sisi ni wakufunzi wa udereva, mafundi wa pikipiki na wakaguzi wa vyombo vilivyopata ajali. Hatukuja kumtetea mwendesha pikipiki wala dereva wa gari. Tunadai jambo moja: kosa la ajali ya njia panda litafutwe kwa vipimo, na vipimo hivyo vimfikie pia aliyeijenga njia panda hiyo na anayeitunza. Kwa sasa kosa hugawiwa kwa mazoea. Pikipiki ikihusika, maneno ya kwanza kwenye karatasi huwa "mwendo kasi" na "uzembe", faili linafungwa, na baada ya muda mwingine anagongwa palepale kwa namna ileile.

Mazoea ya kwanza tunayoomba myaache ni ile kauli kwamba aliyegonga ndiye mwenye kosa. Kwa chombo kilichomparamia aliye mbele yake kauli hiyo ina mantiki. Njia panda haifai. Gari linalokata kuvuka njia ya wanaokuja mbele (kwenda kulia kwa wanaoendesha kushoto, kwenda kushoto kwa wanaoendesha kulia) hukingama kwenye njia ya pikipiki, na pikipiki haina pengine pa kugonga ila ubavuni. Mkaguzi anakuta foki ya mbele ya pikipiki (vyuma vinavyoshika tairi) imepinda na mlango wa gari umebonyea, anaandika "pikipiki iligonga gari". Ni kweli iligonga. Lakini mbonyeo unaonyesha tu nani alikuwa wapi katika nusu sekunde ya mwisho, ilhali haki ya kupita ilivunjwa sekunde 2 au 3 kabla ya hapo.

Na haki hiyo haina utata. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unamtaka anayekata kona awaache kwanza wanaokuja mbele wapite, na unamtaka kila anayekaribia makutano aende kwa mwendo unaomwezesha kusimama na kuwapisha wenye haki. Sheria nyingi za nchi zimejengwa juu ya misingi hiyo. Kwa hiyo anayeikata njia ya mwenzake ndiye wa kwanza kuulizwa, awe na tairi mbili au nne.

Utafiti mkubwa nao unaelekea huko. Uchunguzi ulioongozwa na Harry Hurt mjini Los Angeles, uliotolewa mwaka 1981, ulikagua ajali 900 za pikipiki palepale zilipotokea. Robo tatu zilikuwa za pikipiki kugongana na chombo kingine, mara nyingi gari dogo, na katika theluthi mbili ya hizo dereva wa chombo hicho ndiye aliyeingilia haki ya pikipiki. Uchunguzi wa kina wa ajali za pikipiki uitwao MAIDS, wa nchi tano za Ulaya na wenye ajali 921, ulikuta kosa la dereva wa chombo kingine ndicho chanzo kikuu katika asilimia 50, na kosa la mwendesha pikipiki katika asilimia 37. Tunaomba mzisome tarakimu zote mbili. Hiyo 37 si ndogo, na ndiyo maana hatukubaliani pia na wanaosema pikipiki huonewa kila mara.

Dereva aliyekata njia husema "sikumwona". Wengi wao hawasemi uongo. Tatizo ni kwamba jibu hilo huchukuliwa kama mwisho wa mahojiano, na hapo ndipo mahojiano yangepaswa kuanza, kwa sababu kutoona kuna namna zaidi ya moja, na kila namna ina mtu wa kuijibia.

Namna ya kwanza ni nguzo ya kioo cha mbele. Chukua nguzo yenye upana wa sentimita 12, iliyo sentimita 70 kutoka machoni mwa dereva. Hata akitumia macho yote mawili, kwa umbali wa mita 20 inamficha ukanda wa zaidi ya mita moja na nusu, na kwa mita 40 ukanda huo unapita mita 3. Pikipiki na mpandaji wake hawafiki mita moja kwa upana. Mbaya zaidi, ikiwa gari na pikipiki vinakaribia njia panda kwa mwendo usiobadilika na vimekusudiwa kufika pamoja, pikipiki hubaki nyuma ya nguzo ileile safari nzima. Haitokezi hata kidogo mpaka mwisho. Dawa yake ni dereva kusogeza kichwa na kifua mbele, kisha nyuma, kabla ya kuondoka. Ni tendo la sekunde moja. Halimo katika mitihani mingi ya leseni, wakati kuegesha kwa kurudi nyuma kati ya vigingi kumo.

Namna ya pili ni jinsi jicho linavyofanya kazi. Jicho halitelezi kando ya barabara kama kamera. Huruka kutoka kituo hadi kituo, na wakati wa kuruka ubongo haupokei picha. Dereva anayezungusha shingo haraka, kushoto-kulia-twende, ana vituo viwili au vitatu tu, na kitu chembamba hukaa vizuri katikati yake. Mafunzo sahihi ni kusimamisha macho mahali patatu kila upande: karibu, katikati na mbali, halafu kurudia upande ambako tishio linafika kwanza.

Ya tatu ni makosa ya kukadiria, na hii ndiyo inayowakamata madereva waangalifu. Tunakadiria kasi ya kitu kinachotujia kwa jinsi umbo lake linavyokua machoni. Pikipiki ni nyembamba, kwa umbali wa mita 60 haijazi hata nyuzi moja ya upeo wa macho, na ukuaji wake hauonekani mpaka imefika karibu. Kwa hiyo dereva anaiona, anaamini iko mbali au inakuja taratibu, anaondoka. Usiku hali ni mbaya zaidi kwa kuwa taa moja haina upana wa kupimia. (Pikipiki mbili zinazokwenda sambamba huonekana kama gari moja lililo mbali, na gari lililoungua taa moja huonekana kama pikipiki. Trafiki anayeruhusu gari lenye taa moja liendelee na safari anachangia ajali ambayo haitaandikwa jina lake.)

Mtaona kwamba katika hali zote tatu dereva hana nia mbaya. Kosa bado ni lake, kwa kuwa aliye kwenye mstari wa kusimama ndiye mwenye nafasi ya kusubiri. Uchunguzi wa MAIDS ulikuta pia kuwa madereva wa magari wenye leseni ya pikipiki walikosea kuona mara chache kuliko wasio nayo. Hilo ni la vyuo vya udereva: kutoona kunafundishika.

Sasa upande wa pikipiki. Kosa ambalo halizungumzwi kabisa ni indiketa. Kwenye gari, usukani ukirudi indiketa hujizima. Kwenye pikipiki nyingi haijizimi; lazima kidole gumba kibonyeze swichi. Mwendesha pikipiki anakata kona moja, anasahau, anaendelea na barabara kuu indiketa ikipiga. Dereva aliyesubiri kwenye barabara ndogo inayofuata anaona ishara kwamba pikipiki inaingia kwake, anatoka, inamgonga ubavuni akiapa kuwa alipewa njia. Hapa lawama inagawanyika. Mwendesha pikipiki ametoa ishara ya uongo. Dereva naye ameamini taa peke yake, bila kungoja pikipiki ipunguze mwendo na kuanza kulala upande wa kona.

La pili ni breki. Wengi wanaogopa breki ya mbele kwa sababu waliambiwa itawapindua. Uzito wa pikipiki inayofunga breki huhamia mbele, hivyo tairi ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha, na ya nyuma huwa nyepesi na kuburura. Wachunguzi wa Los Angeles waliliona hili waziwazi: waendeshaji walikaza breki ya nyuma kupita kiasi, tairi ikaburura, na ya mbele hawakuitumia vya kutosha. Tuweke tarakimu. Kwa lami kavu, muda wa kushtuka sekunde 1.5, na breki zote mbili zikitumika vizuri, pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa husimama kwa mita 35 hivi. Kwa 60 ni mita 45. Kwa 80 ni karibu 70. Breki ya nyuma pekee nguvu yake ni kama nusu: kwa 60 zinahitajika mita 65, na kwa 80 ni zaidi ya 100. Gari linaloondoka kutoka kusimama huchukua kama sekunde 3.5 kuvuka njia moja na kuiacha wazi. Pikipiki iliyokuwa umbali wa mita 70 kwa mwendo wa 60 itakuta njia imeachwa huku imebakiza mita 12. Kwa 80 itafika gari likiwa bado njiani, na kwa breki ya nyuma pekee haiwezi kusimama.

Ndiyo sababu Ulaya ililazimisha mfumo wa kuzuia tairi kujifunga, ABS, kwa aina mpya za pikipiki zenye injini ya zaidi ya cc 125 kuanzia mwaka 2016. Kwa pikipiki ndogo, breki zilizounganishwa zinazokaza mbele na nyuma kwa pamoja husaidia sana. Wenye mamlaka ya kuruhusu pikipiki kuingia nchini wanaweza kuliandika hilo kwenye masharti bila kujenga kitu.

Yapo na makosa ya wazi ambayo hatutayarefusha: kuovateki ndani ya makutano, kupita taa nyekundu, kutanua kwenye bega la barabara na kumkuta anayeingia barabara ndogo, kujificha nyuma ya lori refu na kuchomoka nalo likipinda. Lakini la kupenya kwenye foleni linahitaji akili zaidi, kwa sababu huko ndiko lawama hugawiwa ovyo. Foleni imesimama, dereva mmoja mwungwana ameacha pengo na kumpungia mkono mwenzake wa barabara ndogo atoke, pikipiki inakuja ikipita kando ya foleni. Mkono ule hauna nguvu yoyote ya kisheria, haujaangalia nyuma, wala hauwezi kumwahidi mtu kwamba njia ya pili iko wazi. Anayetoka lazima atambae, nusu mita kwa nusu mita, mpaka aone. Na mwendesha pikipiki akiona pengo kwenye foleni mbele ya barabara ndogo achukulie kuwa lina gari ndani yake, ashuke mpaka mwendo wa mtu anayekimbia. Mahakama za Uingereza mwaka 1966 zilimtwika mwendesha pikipiki asilimia 80 ya lawama katika kesi ya pengo la namna hii. Mwaka 2006, katika kesi nyingine ambapo gari liligeuka ghafla kutoka kwenye foleni, Mahakama ya Rufaa ilikubali dereva abebe lawama yote. Kupenya peke yake hakukuamua kosa katika kesi yoyote kati ya hizo. Kilichoamua ni mwendo, nafasi ya kuona na ghafla ya tendo.

Waheshimiwa wa polisi, hapa tunawageukia ninyi. Karatasi yenu ya ajali ina nafasi ya kuandika chanzo, na chanzo hicho huandikwa kabla ya kupimwa kitu. Chukueni mfano wa alama za tairi. Hesabu ya kawaida ya kupata mwendo kutoka urefu wa mburuzo hutumia mshiko wa lami kavu, kama 0.7, ikidhani tairi zote zimejifunga. Mburuzo wa mita 15 kwa hesabu hiyo unatoa kilomita 52 kwa saa. Lakini pikipiki huacha mara nyingi mburuzo wa tairi ya nyuma peke yake, na mshiko wa kutumia ni kama nusu, 0.35. Mita 15 zilezile zinatoa kilomita 36 hadi 37. Mtu amepelekwa mahakamani kwa mwendo kasi ambao tairi yake haikuuonyesha. Bila shaka mburuzo hutoa mwendo uliopotea wakati wa kuburura tu. Ule uliobaki wakati wa kugonga huongezwa kwa kupima kupinda kwa chombo na umbali vilikotupwa vitu, na kuongeza huko kuna hesabu yake, hakufanywi kwa macho.

Au balbu. Mzozo wa "hakuwasha taa" na "indiketa ilikuwa inapiga" huamuliwa kwa maneno ya mashahidi, wakati ushahidi uko ndani ya glasi. Balbu ya waya ikiwa inawaka wakati wa kishindo, waya wake wa moto ni laini na huvutika, huonekana umelegea na kupinda kama chemchemi iliyovutwa. Ikiwa ilizimwa, waya baridi ama hubaki mzima ama hukatika kwa ncha kali. Glasi ikivunjika huku balbu inawaka, waya huungua kwa hewa na kuacha unga mweupe au wa manjano. Kioo cha kukuzia kinatosha kuona haya. Masharti ni mawili: mtu asijaribu swichi wala kuwasha ufunguo kabla balbu haijatolewa, na itolewe pale pale, kabla chombo hakijaburutwa hadi kituoni. Msitegemee mkao wa swichi ya indiketa, kwa sababu nyingi hurudi katikati zenyewe baada ya kusukumwa. Taa za kisasa zisizo na waya hazina ushahidi huu. Kwa hizo itafuteni kamera, na mapema, kwani rekodi nyingi hujifuta zenyewe.

Kisha kuna picha moja ambayo ni nadra sana kuikuta kwenye faili. Mpiga picha akae kwenye mstari wa kusimama, kamera ikiwa kwenye kimo cha macho ya dereva aliyeketi, mita 1.05 hivi kutoka chini, mita 2.4 nyuma ya ukingo wa barabara kuu, apige kushoto na kulia. Halafu apige kutoka upande wa pikipiki, kwenye kimo cha macho ya mwendeshaji, kwa umbali wa mita 30, 60 na 90. Picha tano zinaeleza zaidi ya kurasa tatu za "dereva alishindwa kuchukua tahadhari".

Ukishapata mwendo na mahali pa kugongana, swali la lawama linajibika kwa hatua chache. Kadiria gari lilianza kuingia sekunde ngapi kabla ya kishindo. Rudisha pikipiki nyuma kwa muda huo, upate ilikuwa umbali gani. Kisha iweke umbali huohuo kwa mwendo halali na uulize: ingeweza kusimama? Tuseme kikomo ni 50, pikipiki ilikuwa 80 na gari lilianza kutoka sekunde 3 kabla. Pikipiki ilikuwa mita 67 hivi. Kwa 50 ingesimama kwa mita 35. Mwendo wake basi ni sehemu ya chanzo, na lawama inagawanywa. Sasa tuseme ilikuwa 60 na gari lilichomoka sekunde 1.5 kabla. Umbali ni mita 25. Hata kwa 50 isingesimama. Hapo mwendesha pikipiki ashtakiwe kwa kuzidisha mwendo akistahili, lakini chanzo cha mgongano kinabaki kwa aliyechomoka.

Kwa msingi huohuo, kukosa leseni, kukosa bima au kutovaa helmeti ni makosa yenye adhabu zake, ila hayasogezi gari kuingia njiani. Kampuni za bima zinaweza kuwa na hoja ya kupunguza fidia ya jeraha la kichwa kwa asiyevaa helmeti. Hazina hoja ya kupunguza fidia ya mguu uliovunjwa na bampa kwa sababu hiyo. Mafaili mengi huchanganya mambo haya mawili, na mwendesha pikipiki asiye na leseni hupoteza kesi kabla ya mchoro wa ajali kuchorwa.

Wahandisi, zamu yenu. Dereva anayesimama kwenye mstari anahitaji kama sekunde 2 kuangalia pande zote na 3.5 kuvuka. Kwa barabara ya kilomita 60 kwa saa hiyo ni zaidi ya mita 90 za kuona wazi kila upande, bila kitu chenye kimo cha zaidi ya sentimita 60 ndani ya pembetatu hiyo. Nendeni na futi. Mtakuta bango la matangazo lililopewa kibali, ua uliopandwa kupendezesha, gari lililoegeshwa mita 3 kutoka kona. Kukataza kuegesha ndani ya mita 10 za makutano ni rangi na vigingi. Pale pasipoweza kusafishwa, mwendo wa barabara kuu ushushwe mpaka ulingane na umbali wa kuona uliopo, na ushushwe kwa umbo la barabara, kwani kibao peke yake hakitoshi. Mkichagua matuta, yafike ukingo hadi ukingo. Tuta linaloacha upenyo pembeni huisukuma pikipiki itokee begani, mahali ambapo hakuna dereva anayetazama.

Taa za barabarani zina kasoro mbili ambazo pikipiki huzilipia. Ya kwanza ni muda. Kwa mwendo wa 50, njano chini ya sekunde 3 haimpi dereva nafasi ya kusimama wala ya kupita, na makutano yenye upana wa mita 24 yanahitaji karibu sekunde 2 za nyekundu kwa wote, yaani pande zote zikiwa nyekundu kwa pamoja, ili wa mwisho amalize kutoka. Pikipiki iliyo mbele ya foleni huondoka haraka kuliko gari na kufika katikati zaidi ya nusu sekunde mapema. Muda uliopigwa hesabu kwa kuondoka kwa magari humkutanisha aliyechelewa kwenye njano na aliyewahi kwenye kijani. Ongezeni nyekundu ya wote, na wekeni kisanduku cha pikipiki mbele ya mstari wa magari, kama wanavyofanya Indonesia na Taiwan, ili zionekane na zisipenyeze katikati ya bampa.

Ya pili ni vihisi. Mataa mengi hugundua chombo kwa duara la waya lililozikwa chini ya lami, ambalo huhisi chuma kikubwa kilicho juu yake. Pikipiki ikisimama katikati ya duara mara nyingi haihisiwi, na taa inabaki nyekundu mizunguko yote. Mwendeshaji husubiri, husubiri, kisha hupita. Anaandikiwa kosa la kupita nyekundu, na fundi wa mataa hatajwi. Ongezeni usikivu wa kihisi, au chongeni waya kwa mshazari, au angalau chora alama juu ya ukingo wa waya ionyeshe pikipiki isimame wapi, kwa kuwa hapo ndipo inapohisiwa vizuri.

Msisahau sakafu yenyewe. Rangi laini ya pundamilia iliyopakwa tabaka juu ya tabaka, mfuniko wa chuma wa shimo la maji katikati ya kona, mchanga uliosombwa na mvua, dizeli iliyomwagika pale mabasi yanapokata: gari hupita bila kujua, pikipiki iliyolala kwenye kona hudondoka. Rangi ichanganywe na chembe za kukwaruza, mifuniko ihamishwe nje ya mkondo wa tairi, na ufagio upite makutano kabla ya kupita mahali pengine.

Tunapendekeza hatua ya kuanzia. Kila mkoa au jimbo uchague makutano 10 yenye mafaili mengi zaidi ya gari na pikipiki. Polisi wayatoe mafaili hayo, wahandisi wapime umbali wa kuona, muda wa njano na nyekundu ya wote, usikivu wa vihisi na mshiko wa lami, na vipimo hivyo vibandikwe kwenye kila faili jipya la makutano hayo. Karatasi ya ajali iongezwe mistari mitano: umbali wa kuona kila upande, urefu wa mburuzo na ni wa tairi ipi, hali ya waya wa balbu, nafasi ya kugongana kutoka kwenye mstari, na jibu la "ingeweza kusimama kwa mwendo halali?". Kampuni za bima zikatae kugawa lawama kwenye faili lisilo na mistari hiyo. Vyuo viingize mtihanini kusogeza kichwa ili kuona nyuma ya nguzo, macho ya vituo vitatu, na kufunga breki ya mbele na ya nyuma kutoka kilomita 40 kwa saa ndani ya mita zilizopimwa. Na umbali wa kuona ukikutwa pungufu kuliko mwendo ulioruhusiwa, jina la ofisi inayosimamia barabara hiyo liandikwe kwenye safu ya wahusika, pamoja na la dereva na la mwendesha pikipiki.

Tuko tayari kuja na futi, kioo cha kukuzia na saa ya kupimia sekunde, siku mtakayotutajia.

Wenu,
Wakufunzi wa udereva, mafundi wa pikipiki na wakaguzi wa ajali